Picha Isiyo na Jina

Vijana wanaofika Msuka na kamera, wengi wao na simu tu, huondoka na picha nzuri. Hupiga mnara wa taa wa Ras Kigomasha, hupiga mikarafuu, na wachache wenye subira huingia hadi Msuka Mjini, kwenye magofu ya msikiti wa kale, mahali penye utulivu ambapo asubuhi husikii ila ndege na jembe la mtu shambani. Sina ugomvi na picha hizo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayoandikwa chini yake: "magofu", au "historia yetu", basi. Mihrabu, kuta, mawe na chokaa, vyote vimetiwa katika neno moja kama samaki wa kila namna katika tenga.

Hasara yake naiona vizuri zaidi katika habari ya daraja lenye paa. Wengi hudhani kitu hicho ni cha ugenini, kama yale madaraja ya mbao ya Vermont, Marekani, yaliyoezekwa ili mvua isiozeshe mbao zake, na ambayo wapiga picha huyafuata hadi mashambani. Kumbe nasi tulikuwa nayo, ingawa hayakuvuka mto. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883, jumba hilo liliunganishwa na Beit al-Hukm na Beit al-Sahel kwa vivuko vilivyofunikwa, vilivyopita juu juu, ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite bila kuonekana na walio chini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na Beit al-Hukm ikabomolewa isijengwe tena. Mandhari ile ya vivuko tunaijua leo kwa picha za zamani. Aliyezipiga ametufaa sana.

Lakini mwonyeshe mwanafunzi picha hiyo umuulize kitu kile kiitwaje. Atasema "daraja", kisha atatafuta maneno kumi ya kulisaidia hilo moja. Lamu wana neno wikio, nalo ni chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba ya upande huu na ya upande wa pili, na wapitao chini wakapata kivuli. Si kitu kilekile hasa, ila ni jamaa yake wa karibu, na kwa maoni yangu neno hilo lingetutosha. Asiye na neno huona kuta na madirisha tu. Aliye nalo huona stara, na ndugu wasiotaka kutenganishwa na njia ya watu.

Watakuwapo wa kusema kwamba picha nzuri hujieleza yenyewe. Nimesomesha sekondari miaka mingi, sijakutana nayo. Na Msuka yenyewe inawapinga: ndani ya mihrabu ya msikiti ule imekwaruzwa tarehe, mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414 Miladia. Mwenye mkono ule hatumjui, wala hakuwa na kamera. Alikuwa na kitu chenye ncha na dakika chache, na tarakimu zake zimekaa zaidi ya miaka mia sita.

Kwa hiyo ningependa mwenye kuja Msuka apite kwanza kwa wazee, aamkie, aulize: hapa panaitwaje, kisima kile cha nani, jiwe hili lilikuwa la kazi gani. Kisha apige picha yake, na chini yake aandike jina, shehia na tarehe, kwa Kiswahili kwanza. Lugha za wageni zifuate zikipenda. Na wazee wawili wakimpa majina mawili kwa kitu kimoja, ayaandike yote. Kugombana juu ya lipi sahihi tutagombana baadaye, hapa hapa.