Binti wa Mfangano na Kamera Yake



  

Miezi mitatu iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa kisiwa cha Mfangano, kule Ziwa Viktoria, kaunti ya Homa Bay. Ni mjane, na jarida letu hili humfikia kupitia kwa nduguye anayefanya kazi Mombasa. Bintiye alijifunza kupiga picha Kisumu, akanunua kamera iliyokwisha kutumika kwa fedha za chama cha akina mama wauza omena, na sasa anapiga picha za posa na arusi kisiwani na Mbita. Amepata mchumba wa Kendu Bay, kijana wa watu wa dini. Ila wazee wa kijana wametoa sharti: kamera iwekwe chini kwanza, ndipo mahari yapelekwe. "Sheikh," akaniuliza, "mwanangu afanyeje?"

Nilimjibu kwa haraka. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa nami nimesimama na viatu mkononi. Nikamwambia kuwa mwanamke kuzunguka na maboti kwenda kupiga picha arusi za watu si jambo la heshima, na kwamba mume ni bora kuliko kamera. Alinishukuru kwa adabu, simu ikakatika, nami nikaingia msikitini nikidhani nimelimaliza jambo.

Mwezi uliopita nikaalikwa kufungisha ndoa kisiwani huko huko, ya jamaa wa mama yule yule. Safari ni ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kisha Luanda Kotieno, kisha kivuko hadi Mbita, na kutoka Mbita ni boti la mbao lenye injini. Mimi ni mtu wa Pwani niliyelelewa na bahari, na nakiri kuwa nililidharau ziwa, nikaliona kama dimbwi kubwa. Mawimbi yake ni mafupi na hayapumziki. Tulilowa hadi kifuani. Mbele yangu alikaa msichana aliyejifunga mtandio barabara, amevaa jaketi la kuelea, na mapajani ameukumbatia mfuko wa nailoni uliofungwa mara tatu kama mtu aliyembeba mtoto mchanga. Sikumjua. Tulipoteremka Sena akaniamkia, "Shikamoo sheikh," akaenda zake. Ndiye aliyekuwa binti mwenyewe, anatoka kazini Mbita.

Waislamu wa Mfangano ni wachache. Wenyeji ni Wasuba, wengi wao wakisema Kijaluo siku hizi, na wengi ni Wakristo. Hata hivyo nilipokewa na jirani wa kila dini. Mwenyeji wangu mmoja hata alinipandisha hadi Kwitone kunionyesha michoro ya kale iliyo kwenye mwamba, ambayo watafiti huinasibisha na Watwa waliokaa huko zamani. Ni duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Nikaitazama sana nikitafuta sura ya mtu au ya mnyama, nisiione hata moja. Nikamwambia kwa mzaha kuwa wazee hao wangeweza kuwa mashahidi wangu katika darsa la hukumu ya picha. Lakini turudi kwenye arusi.

Wanaume tulikaa chini ya turubai, wanawake ndani. Mlangoni mwa chumba cha wanawake alisimama yule binti na kikapu cha ukindu, na kila aliyeingia, awe bibi au msichana, alitia simu yake kikapuni kabla ya kupita. Mama mmoja mwenye cheo alikataa. Binti hakubishana naye. Alikaa tu pale mlangoni na kamera imefungwa, akasema ataanza kazi simu ya mwisho itakapoingia kikapuni. Iliingia.

Baada ya akdi, binamu wa bwana arusi alimwendea akitaka apewe picha mbili tatu za bibi arusi apate kuziweka kwenye simu yake, watu wazione. Nilikuwa karibu nikasikia jibu. "Kaka, hizi si zangu. Muombe mwenyewe, na akikubali nitakuletea."

Jioni ndipo nilipoona kilichonifanya niandike makala hii. Aliketi na bibi arusi na mamake, akawapitishia picha moja baada ya nyingine. Hii ibaki, hii ifutwe. Ilipotokea picha ambayo nyuma yake yupo mwanamke mwingine hana mtandio, binti aliinuka akamtafuta mwanamke huyo, akamuuliza. Kazi hiyo ilichukua tangu magharibi hadi karibu na isha. Kisha akaeleza kuwa picha zilizochaguliwa atazisafisha, atazileta mwenyewe kwa boti, na siku kumi na nne baada ya kuzikabidhi atafuta kila alichobaki nacho, hata kama watapoteza zao na kumlilia. Alikuwa na karatasi ya maandishi ya mkono yenye maneno hayo, na mama wa bibi arusi akatia sahihi.

Nimefungisha ndoa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nimeuliza juu ya walii, mashahidi, mahari, eda, hata juu ya pilau. Sijapata hata siku moja kuuliza picha za bibi arusi zinalala wapi.

Na ilinipasa kuuliza, kwa kuwa nimewahi kuamua ugomvi wa jambo hilo. Katika zama za kanda za video, ndugu walikuja barazani kwangu kwa sababu kanda ya kupamba ya dada yao ilikuwa imeazimwa kwa jirani, jirani akaitoa nakala, na nakala ile ikaonekana kwenye mkahawa wa chai, mbele ya shemeji zake. Bibi arusi hakuwa na kosa hata chembe. Alicheza mbele ya wanawake wenziwe, katika nyumba ya babake, usiku aliohalalishiwa kufurahi. Ndoa ilisalimika, lakini aliacha kwenda arusi za watu kwa miaka mingi. Aliyepiga video ile alikuwa mwanamume, aliyeajiriwa na sisi wenyewe, tukampa kiti na sahani ya biriani.

Zamani wazee wetu walikwenda studio. Mombasa palikuwa na Parekh, Lamu palikuwa na Bakor, na Unguja familia ya Oza ilifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Baba alisimama pembeni, picha ilipigwa, na filamu ilisafishwa katika chumba cha giza. Nakala zilihesabika. Marehemu baba yangu alikuwa akidai apewe na filamu yenyewe, akaiweka katika sanduku la nguo pamoja na cheti cha ndoa. Leo hakuna filamu ya kudai. Picha moja hukaa katika kadi ya kamera, katika kompyuta, katika simu ya msaidizi, na katika hifadhi ya intaneti ambayo hata mwenye kamera pengine hajui iko nchi gani.

Tuje kwenye hukumu, maana najua wapo watakaoniandikia. Juu ya picha ya kamera wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha, akisema kamera haiumbi kitu bali hukizuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliikataza isipokuwa kwa dharura. Anayefuata kauli ya pili namheshimu, ila basi asiajiri mpiga picha yeyote, mwanamume wala mwanamke. Haifai mtu akachukua kauli ya Ibn Baz kwa binti wa watu na kauli ya al-Muti'i kwa arusi ya mwanawe.

Nami nilifanya karibu na hilo. Nilimhukumu binti kwa boti na kwa macho ya watu. Na Surat an-Nur, kabla ya kuwaagiza waumini wanawake wainamishe macho yao, inaanza kuwaagiza wanaume. Ikiwa tumekubali kuwa arusi zetu zitapigwa picha, na kwa hakika tumekubali, basi ni nani anayestahiki zaidi kuingia chumba cha bibi arusi na kamera kuliko mwanamke mwaminifu? Hatuwezi kulalamika kuwa hawapatikani huku kila anayejitokeza tunamwambia kazi yake ni aibu.

Nilimuuliza juu ya makanisa, kwa sababu wateja wake wengi si Waislamu. Akaniambia haingii kupiga ibada. Ana mwenzake Mkristo anayefanya sehemu hiyo, naye huchukua ya nyumbani, hasa sherehe ya ayie, ambapo upande wa mwanamume humpelekea mama wa binti fedha za kuonyesha makubaliano. Pombe ikianza kumiminwa hufunga mfuko wake. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya kuingia katika nyumba za ibada za wengine, wapo waliozuia penye masanamu na wapo walioruhusu kwa idhini, lakini yeye amejiwekea njia iliyo mbali na khitilafu hiyo, na sikuona la kumwongezea. Kipato chake cha kupiga picha watu wanaoposana kwa heshima mbele ya wazazi wao sikioni kuwa na doa.

Kuhusu kipato, alikuwa na swali lake. Huchukua arubuni, nusu ya malipo, kwa sababu ya nauli ya boti na kwa sababu ameshawahi kufika ng'ambo akakuta posa imeahirishwa na hakuna aliyempigia simu. Uvuvi wa omena unapofungwa na serikali, fedha hukauka kisiwani na sherehe huvunjika. Je, arubuni ile ni halali yake mteja akivunja? Jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, waliikataa arubuni ya namna hiyo katika biashara. Imam Ahmad aliiruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa likaipitisha mwaka 1993 kwa sharti kuwa muda uwekewe mpaka. Nikamshauri aandike tarehe, na akivunjiwa mapema kabla hajatumia chochote, arudishe. Akasema ndivyo anavyofanya. Nilianza kuona aibu kumshauri.

Karatasi yake, kwa taarifa yenu, ina nguvu hata mbele ya serikali. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu ni katika vitu ambavyo havitumiwi bila ridhaa yake. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza mahali pa starehe pamoja jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Akina mama mnaotayarisha arusi baada ya mfungo, ulizeni kabla hamjalipa: nani atapiga upande wa wanawake, nani atazisafisha picha, zitakaa kwake siku ngapi, na je, atazitumia kujitangazia biashara? Majibu yaandikwe. Tumeamrishwa kuandika deni, na deni hulipika. Picha iliyokwisha kutoka hairudishwi.

Kabla sijaondoka Sena nilimwomba mama yule anisamehe kwa jibu langu la kwanza. Nikamwambia wazi kuwa nimelifuta, na lililo sahihi ni kwamba binti ana haki ya kuendelea na kazi yake kwa mipaka anayoishika, na kwamba hilo lisemwe waziwazi kabla ya akdi, liwe jambo ambalo kijana na wazee wake wamelisikia na kuliridhia. Asikubali leo kimya kimya kwa nia ya kuichukua kamera kesho, wala wao wasikubali leo kwa nia ya kumnyang'anya kesho.

Nikapitia Kendu Bay wakati wa kurudi. Wazee walinikaribisha vizuri, tukasali pamoja, tukanywa chai. Niliwasimulia niliyoyaona. Mzee mmoja akasema kuwa arusi ya bintiye mkubwa, mwaka juzi, ilipigwa picha na kijana wa mjini, na hadi leo kuna picha ambazo hazijaletwa. Nikamuuliza zipo kwa nani. Hakujibu, akanimiminia chai nyingine. Mama wa mchumba, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akauliza kama ni kweli kuhusu kikapu cha simu. Nikamwambia ni kweli, nimekiona. Wakasema watazungumza wenyewe kwa wenyewe na watanipigia. Hadi tunapokwenda mitamboni, simu hiyo bado haijaja.

Wallahu aalam.