Siku ya kuhama, dawa za mtoto zisipande kwenye kirikuu

ILIKUWA saa nane usiku, siku ya kwanza kulala kwenye nyumba yetu mpya ya kupanga huku Goba. Mwanangu wa miaka minne aliamka na kile kikohozi ninachokijua, kikavu, kifupi kifupi, kisha nikasikia kifua kinapiga filimbi. Nikanyoosha mkono gizani kufungua droo ya pembeni ya kitanda. Hakukuwa na droo. Kitanda chenyewe kilikuwa mbao zilizoegemezwa ukutani, sisi tumelala chini kwenye godoro. Inhela ya mtoto ilikuwa ndani ya kimoja kati ya viroba 14 vilivyorundikwa sebuleni, na umeme haukuwepo kwa sababu katika pilikapilika za siku ile hakuna aliyekumbuka kununua LUKU.

Mume wangu akamulika kwa tochi ya simu, mimi nikawa namwaga kiroba kimoja baada ya kingine sakafuni. Tuliipata kwenye kiroba cha tisa, ndani ya sufuria, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni. Nani aliiweka humo? Mimi. Niliogopa isivunjike.

Mtoto alivuta dawa, akatulia, na asubuhi tukampeleka hospitali akaangaliwa. Lakini zile dakika za kutafuta sijazisahau, na aibu yake pia. Mimi ndiye ninayewaandikia hapa kila wiki kuhusu afya za watoto. Tulikuwa tumejiandaa kuhama kwa wiki tatu nzima: kodi ya miezi sita, kodi ya mwezi mmoja ya dalali, gari, vijana wa kubeba, hata rangi ya mapazia. Mtoto hatukumpangia kitu.

Kwa hiyo wiki hii, mzazi mwenzangu, naomba niseme yale ambayo dalali hatakwambia.

Anza na begi moja. Si kiroba wala shangazi kaja, ni begi la mgongoni ambalo halipandi kwenye kirikuu wala kwenye Kenta, linabaki mgongoni kwa mama au baba siku nzima. Humo weka kadi za kliniki, kadi za bima, vyeti vya kuzaliwa, dawa zote zinazotumika kila siku, inhela pamoja na kile chombo chake cha plastiki cha kuvutia dawa, kipimajoto, paketi za ORS, nguo za watoto za kubadilisha, chaja na tochi. Kama nyumbani kuna anayetumia insulini, ibebeni kwa uangalifu zaidi: isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, na isigusane na barafu, maana insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Kwa mtoto mwenye pumu, siku ya kuhama yenyewe ni tatizo. Ukivuta kabati ambalo halijasogezwa kwa miaka mitatu, vumbi linalotoka hapo linatosha kumwamsha usiku. Huko unakokwenda nako, mwenye nyumba amepaka rangi juzi ili uvutiwe, na harufu ile inabana vifua. Mwombe apake mapema, ufungue madirisha siku kadhaa kabla ya kuingia. Na watoto wasiwepo wakati wa kufungasha na kupakia. Wapelekeni kwa bibi, kwa shangazi, au kwa jirani mnayemwamini, warudi jioni nyumba ikiwa imeshapigwa deki. Sisi wa kwetu alikuwa katikati ya shughuli, anakimbia na ndoo, tukimpiga picha tukimwona msaidizi.

Mtoto wa pumu akianza kupumua huku mbavu zikiingia ndani, akashindwa kuongea au kunyonya, au midomo ikabadilika rangi, hiyo si hali ya kusubiri kukuche. Mpe inhela mkiwa njiani kwenda hospitali. Ndiyo maana kabla hata ya kulipa kodi unatakiwa ujue kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, kinafunguliwa usiku au la, na bodaboda au bajaji inapatikana wapi saa nane ya usiku. Mimi niliyajua hayo nikiwa tayari nimemshika mtoto mkononi.

Mengine ya kuangalia unapopelekwa kuiona nyumba. Watu wengi hapa Dar es Salaam tunatafuta nyumba wakati wa kiangazi, kila kitu kikavu, njia inapitika. Rudi akilini kwenye masika, Machi hadi Mei. Tazama ukutani kwa chini: kuna mstari wa maji, rangi imebanduka kwa usawa mmoja? Waulize wapangaji wengine, usimuulize dalali. Maji yakiingia chooni na kutoka, yakachanganyika na ya kisima, kipindupindu na kuhara havipo mbali. Uliza maji ya kutumia yanatoka wapi na lile simtanki lilioshwa lini mara ya mwisho. Hata ukiambiwa ni ya bomba, chemsha ya kunywa mpaka uifahamu nyumba. Kisha zunguka uwanja kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Shimo la maji taka limefunikwa kwa zege au kwa kipande cha bati? Kisima kina mfuniko? Ngazi zina kingo? Mambo haya mwambie mwenye nyumba kabla hujampa hela, kwa sababu akishazipokea simu yake huwa haipatikani.

Sasa siku yenyewe. Vitu vya sumu ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyombo kuvunjika. Nyumba ikiwa imepangika, mafuta ya taa, dawa ya kuulia panya na ile ya kusafishia choo vinakaa juu kabatini. Siku ya kuhama vyote viko chini sakafuni, mara nyingi kwenye chupa ya maji au ya soda, na mtoto ana kiu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa maji. Vingine mwaga au gawa, usihame navyo. Vinavyobaki vikae kwenye vyombo vyake halisi, kwenye boksi moja ambalo mtu mzima mmoja analijua. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa.

Mtungi wa gesi fungeni koki, ondoeni regyuleta, usafiri umesimama wima kwenye gari la wazi, si ndani ya teksi pamoja na watoto. Mkifika, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Povu likichemka, gesi inavuja. Friji nalo liacheni litulie saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Hilo si la afya, lakini fundi wangu alinicheka sana.

Ndoo za maji zilizojaa msiziache wazi. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo moja, kichwa kikitangulia hawezi kujitoa, wala hapigi kelele. Na kitu cha kwanza kufungwa ndani kiwe chandarua, kabla ya televisheni. Weka misumari, nyundo na kamba kwenye lile begi. Sisi tuliumwa na mbu siku mbili kwa kukosa msumari.

Kuna kundi moja la wasomaji ambao kuhama kwao kuna uzito zaidi. Mjamzito ambaye miezi imesogea: fika kliniki mpya na kadi yako mapema, ujue utajifungulia wapi, na kubeba ndoo na magodoro waachie wengine. Mwenye mtoto mchanga: chanjo haifungwi na kituo ulichoanzia. Beba kadi, nenda kituo kilicho karibu, tarehe zisipite. Ya surua na rubela ni miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi wanaisahau hata bila kuhama. Anayetumia dawa za kifua kikuu au ARV, mwambie mhudumu wako kabla hujaondoka akuandikie uhamisho, na uwe na dawa za kukutosha mpaka utakapopokelewa. Najua wengine wanaondoka kimya kwa kutotaka maswali ya majirani. Mhudumu si jirani.

Shule nayo, uhamisho unaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayoiacha mtoto, nenda mapema. Ofisi ya serikali ya mtaa mpya pitia ndani ya wiki ya kwanza, barua yao utaihitaji.

Mwanangu alipona. Wiki nzima aliuliza kama paka wa jirani wa Tabata naye atahamia kwetu, na kila jioni alitaka twende nyumbani. Siku ya Jumapili tulimrudisha kusalimia, akacheza saa mbili, akalala kwenye daladala. Tangu hapo hajauliza tena. Inhela sasa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, na dada wa kazi, bibi na hata mtoto mwenyewe wanajua ilipo.