Nazi Haipimwi kwa Kokochi

Wahenga walisema: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Vyuo vyetu husema: pima kokochi, pima nazi, kisha tafuta wastani.

Nilipoanza shahada ya Kiswahili hapa Uganda nilikuwa nikisema "kitabu yangu" bila wasiwasi. Shuleni kwetu Kiswahili hakikufundishwa; nilikisikia kwa askari na kwa madereva wa malori tu. Leo niko mwaka wa tatu na ninaandika insha hii. Hata hivyo, alama za "kitabu yangu" bado ninazo, na nitakwenda nazo hadi siku ya mahafali.

Hesabu yenyewe tunaijua sote. Pointi za kila kozi, kati ya 5, huzidishwa kwa krediti zake. Hujumlishwa tangu semista ya kwanza hadi ya mwisho, kisha hugawanywa kwa krediti zote. Ukifika 4.40 umepata daraja la kwanza. Ukifika 3.60 ni la pili la juu, na chini ya hapo hadi 2.80 ni la pili la chini.

Sasa tumchukue mwanafunzi aliyepata 2.6 mwaka wa kwanza, 3.7 wa pili na 4.4 wa tatu, kwa krediti sawa kila mwaka. Wastani wake ni 3.57. Amepata daraja la pili la chini. Amemaliza akiwa na alama za daraja la kwanza, lakini akiomba nafasi ya uzamili au ufadhili, mara nyingi ataulizwa: la juu liko wapi?

Najua jibu la baadhi ya wahadhiri wetu: mwaka wa kwanza usipohesabiwa, wanafunzi watacheza. Hofu hiyo ina msingi. Lakini Uingereza, tulikorithi madaraja haya, vyuo vingi havihesabu mwaka wa kwanza katika daraja la shahada. Mwanafunzi analazimika kuufaulu ili aendelee, basi. Mimi siombi hata hayo. Naomba mwaka wa kwanza uhesabiwe mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu. Mwenzetu yule angepata 3.87. Na aliyeanza vizuri kisha akalegea, naye angeonekana alivyo.

Wengine watasema huu ni upendeleo kwa wanaochelewa. La. Shahada ni ushahidi wa anachokijua mhitimu siku anayoipokea. Aliyekulia Mombasa na aliyekulia kijijini kwetu hawakuanza mahali pamoja. Mwaka wa kwanza hupima zaidi walikotoka, ule wa mwisho hupima walichojifunza.

Waheshimiwa wahadhiri, nyinyi ndio mliosahihisha "kitabu yangu" kwa wino mwekundu, nami nikajifunza. Kosa mlilokwisha kulisahihisha, kwa nini mnaendelea kuniadhibu kwalo?