Kaunti isingoje tumbo lionekane

Tangu 1926, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani imekuwa mlango ambao sehemu kubwa ya Eastlands ya Nairobi imeupitia kuingia duniani. Wapo wazee wa Shauri Moyo na Kaloleni waliozaliwa hapo, na wapo wajukuu wao wa Kayole na Dandora waliozaliwa hapo. Kwa hivyo kila msiba wa Pumwani huwa msiba wa taifa, na ndivyo inavyopasa. Lakini kutokana na misiba hiyo tumejenga mazoea ambayo gazeti hili haliwezi kuyanyamazia: uwajibikaji tunaanza kuuhesabu kwenye lango la hospitali, kana kwamba yaliyompata mama kabla ya kulifikia ni siri yake na Mola wake.

Septemba 2018, gavana wa wakati huo alipozuru Pumwani na miili ya watoto wachanga 12 ikapatikana ndani ya maboksi, hasira ya umma ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kila inapotokea aibu ya aina hiyo, maswali huanzia wodini na kuishia wodini: nani alikuwa zamu, mashine gani haikufanya kazi, nani afutwe. Ni maswali ya lazima, ila hayatoshi. Mama hafiki wodini akiwa ukurasa mtupu. Mimba hubeba historia ya mwili ulioitunga, na historia hiyo huandikwa miaka mingi kabla ya muuguzi kufungua kijitabu cha kliniki.

Fikiria klamidia au kisonono, maradhi ambayo mwanamke anaweza kukaa nayo bila dalili yoyote. Yasipotibiwa huacha makovu kwenye mirija ya uzazi. Makovu yakiiziba mirija yote kabisa, mimba haitungi. Kovu likiuziba mrija nusu, yai lililorutubishwa huweza kukwama njiani, mimba ikakua nje ya kizazi, na siku mrija unapopasuka damu humwagikia tumboni kabla majirani hawajapata gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali. Ugumba na kifo cha namna hiyo vina chanzo kimoja, na chanzo hicho kingetibiwa kwa dawa za bei nafuu katika zahanati ya mtaa. Kaswende nayo haimzuii mwanamke kushika mimba. Humwacha ashike, kisha huweza kumuua mtoto tumboni, au kumfanya azaliwe akiwa mgonjwa. Dawa yake ni sindano ya penisilini.

Yako na mengine yasiyotokana na maambukizi. Uvimbe wa fibroidi, unaowapata wanawake weusi zaidi ya wengine, unaweza kumfanya mtoto alale vibaya, kuleta uchungu kabla ya wakati au kusababisha damu nyingi baada ya kujifungua. Endometriosisi, ambayo wengi huambiwa ni maumivu ya kawaida ya hedhi, huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kukaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Mwanamke ambaye ovari zake hazipevushi mayai kwa mpangilio na homoni zake zimevurugika hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba na ya presha inayoweza kuishia kifafa cha mimba. Kila moja ya hali hizi inaweza kujulikana mapema. Kila moja, isipojulikana, humsubiri mkunga usiku wa manane.

Tiba ya ugumba yenyewe, ambayo imewafuta machozi wengi, haina budi kutajwa bila hofu na bila kuipamba. Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungishwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwaka 2006, miaka 28 baada ya yule wa kwanza duniani kuzaliwa Uingereza. Tangu hapo vituo vya binafsi vya upandikizaji wa mimba vimeongezeka jijini. Inajulikana kitaalamu kwamba mimba zilizopatikana kwa njia hii zinahitaji jicho la karibu zaidi, kwa kuwa presha, matatizo ya kondo la nyuma na uzazi wa kabla ya wakati hutokea mara nyingi kuliko katika mimba za kawaida. Zaidi ya yote, upandikizaji wa viinitete viwili au vitatu kwa pamoja huweza kuleta pacha au watatu. Hata vidonge vya kupevusha mayai, visivyohitaji maabara ya kifahari, huleta pacha katika takriban mimba 1 kati ya 12. Pacha ni baraka, lakini kwa mwili wa mama na kwa chumba cha watoto njiti, pacha ni kazi, na kazi hiyo hutaka maandalizi.

Haki inatutaka tuongeze mambo mawili. Kwanza, wengi wanaopata mimba kwa msaada wa tiba hujifungua salama. Pili, sehemu ya hatari hizo haitokani na tiba, bali na umri wa mama na maradhi yaliyompeleka kutafuta tiba tangu mwanzo. Tiba isihukumiwe kwa kosa la maradhi. Linalostahili kuhukumiwa ni mfumo unaomruhusu mwanamke kutoka katika chumba cha tiba akiwa na mimba, kisha akaingia katika kliniki ya wajawazito bila mtu yeyote kumuuliza alikotoka.

Tunajua jibu la Serikali ya Kaunti ya Nairobi, na si jibu la kupuuzwa. Fedha ni chache, wahudumu wanalemewa, na mama anayevuja damu sasa hivi hawezi kuambiwa angoje kwa sababu kaunti inamhudumia mwingine ambaye bado anatafuta mimba. Wapo pia wanaouliza, kwa nia njema, kwa nini jiji lenye watoto wengi wasio na karo lihangaikie wasiopata watoto. Katika hospitali yenye vitanda vya kuhesabika, kuchagua ni sehemu ya kutawala.

Lakini hoja hiyo husimama tu ikiwa mama anayevuja damu na mwanamke anayetafuta mimba ni watu wawili. Mara nyingi ni mtu mmoja, katika miaka miwili tofauti ya maisha yake. Uchunguzi wa siri wa kwanza wa kitaifa kuhusu vifo vya wajawazito, ambao matokeo yake yalitolewa miaka kadhaa iliyopita, ulibaini kwamba takriban mama 9 kati ya kila 10 ambao vifo vyao vilichunguzwa walipata huduma yenye kasoro, na kwamba huduma tofauti ingeweza kubadili mambo. Anayeacha kutibu maambukizi kwa sababu anaokoa fedha za upasuaji hajaokoa kitu. Ameiahirisha gharama, na riba yake italipwa kwa damu.

Wala Nairobi haiwezi kudai kwamba haikujua. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada wamefanya kazi Pumwani na Majengo, wakijifunza kuhusu magonjwa ya zinaa na baadaye Ukimwi kutoka kwa wanawake wa mitaa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, zahanati kadhaa za Baraza la Jiji zilionyesha kwamba muuguzi wa kawaida anaweza kumpima mjamzito kaswende, akampa majibu na dawa siku hiyo hiyo, na kumwita mwenzake atibiwe. Dunia ilisoma matokeo hayo. Wanawake wa Eastlands walitoa damu yao ili ulimwengu upate elimu. Isiwe wao ndio wa mwisho kufaidika nayo, wakifika dirishani kuambiwa kipimo kimekwisha na warudi wiki ijayo.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Hakikusema afya ya kujifungua. Septemba 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia Pumwani akina mama wawili walioshindwa kulipa ada kulivunja haki zao, na uamuzi huo ulikuwa ukumbusho kwamba ahadi za Katiba zina wenyewe na zinaweza kudaiwa. Hata hivyo, bima ya umma bado inaufikiria uzazi kama tukio la siku moja. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imepanga malipo ya uzazi kuzunguka siku ya kujifungua: shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ni msaada ambao hakuna anayepaswa kuubeza. Lakini anayehitaji kujua kwa nini mimba tatu zimetoka mfululizo, au kwa nini miaka mitano imepita bila mimba, mara nyingi huachwa na mfuko wake mwenyewe.

Na mfuko huo una mipaka. Mzunguko mmoja wa upandikizaji hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Mwenye uwezo huvuka mji kwenda kwa daktari bingwa. Asiye na uwezo huishia kwenye kemisti ya mtaani, ambako vidonge vya kupevusha mayai vinaweza kuuzwa bila cheti cha daktari na bila yeyote kupima kama mirija yake iko wazi, au huishia kwa muuza mitishamba anayeahidi kusafisha kizazi. Wote wawili wakishika mimba, huificha njia waliyopitia, kwa sababu neno tasa bado hutupwa ndani ya ploti kama jiwe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga; hakuna mzigo unaoonekana mwepesi kwa jirani kama huu. Aibu hiyo si jambo la faragha tu. Ndiyo inayomnyima mkunga habari ambayo ingemwokoa mama.

Aibu hiyo pia imeelekezwa pasipostahili. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Mwanamke akitibiwa klamidia na mumewe asitibiwe, anaweza kuambukizwa upya mara tu baada ya kumaliza dawa. Kliniki isiyo na nafasi ya mwanamume inafanya kazi nusu, na mwanamume anayekataa kuingia humo hana haki ya kuuliza kwa nini nyumba haina mtoto.

Bunge nalo lina deni. Muswada wa kusimamia teknolojia ya uzazi, uliopiganiwa na Mbunge Millie Odhiambo, ulianza safari yake mwaka 2014 na umerudishwa mbele ya wabunge zaidi ya mara moja. Yapo ndani ya suala hili mambo ambayo watu wenye dhamiri wanatofautiana juu yake, likiwemo la mama anayembebea mwenzake mimba, na viongozi wa dini wana haki ya kusikilizwa. Lakini hakuna dini inayotetea kituo kisichotoa hesabu ya matokeo yake, wala daktari anayepandikiza viinitete vitatu ili takwimu zake za mafanikio zing'ae huku mzigo wa watoto njiti ukiiangukia hospitali ya umma. Uingereza, iliyoweka chombo cha usimamizi tangu 1991, imeshuka kutoka karibu mzazi 1 kati ya 4 wa upandikizaji kupata zaidi ya mtoto mmoja hadi chini ya 1 kati ya 10, kwa kuhimiza kiinitete kimoja kwa wakati. Usalama si suala la imani. Ungeweza kusimamiwa hata leo.

Wajibu, basi, unajulikana na wenye kuubeba wanajulikana. Wizara ya Afya ihakikishe kijitabu cha mjamzito kinauliza waziwazi kuhusu matibabu ya ugumba, fibroidi, mimba zilizotoka na upasuaji wa awali, na kwamba majibu hayo humpeleka mama panapostahili badala ya kubaki wino kwenye karatasi. Baraza la Madaktari lilazimishe kila kituo cha upandikizaji kumkabidhi mteja barua ya rufaa na kuripoti idadi ya viinitete na matokeo ya kila mimba, bila kufichua majina. Bodi ya Dawa na Sumu isimamie sheria iliyopo kuhusu dawa za cheti. SHA iongeze uchunguzi wa msingi wa ugumba na wa mimba zinazotoka mara kwa mara, hata kama haiwezi leo kulipia upandikizaji. Wahamasishaji wa afya ya jamii, 100,000 nchini kote, waliozinduliwa Septemba 2023 wakiwa na vifaa vya kupima presha na sukari, tayari wanabisha milango ya Umoja na Kariobangi; wafunzwe kumuuliza mwanamke, kwa heshima na kwa siri, kama anatarajia kupata mtoto, kabla hajawa mjamzito.

Kaunti ndiyo yenye zahanati, na kwa hivyo ndiyo yenye swali la kwanza. Makadirio ya bajeti yatakapowasilishwa tena katika Bunge la Kaunti, wawakilishi wa wadi za Eastlands wasitosheke kuuliza hospitali za Pumwani na Mama Lucy Kibaki zimetengewa vitanda vingapi vipya. Waulize, kituo kwa kituo, Bahati, Makadara, Dandora na Kayole: ni siku ngapi katika mwaka uliopita dirisha la dawa lilikosa penisilini na kipimo cha kaswende? Afisa asiye na jibu la swali hilo asituletee maelezo wakati mwingine maboksi yatakapofunguliwa.