Mara nyingi si mtandao, ni kompyuta

Mama zangu, leo tuongee kuhusu lile neno mnalolichukia kuliko sindano: "mfumo umegoma." Umefika dirishani, mtoto anachemka, unaambiwa subiri, mtandao uko chini. Ukigeuka, jirani yako wa benchi anaangalia video kwenye simu, haikwami hata kidogo!

Mara nyingi mtandao upo. Kompyuta imejisasisha usiku, asubuhi haiitambui printa. Printa ni ileile na jana ilichapa. Kila kifaa kina programu yake ndogo, draiva, inayokifanya kielewane na Windows. Windows ikibadilika na draiva ikabaki ya zamani, hapo ndipo risiti zinapokwama na foleni inafika getini.

Na tutaliona sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo kompyuta nzima kabisa, inayowaka, inaambiwa haifai. Kubaki na mfumo usiosasishwa nako ni hatari: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizikumba hospitali za Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Uingereza hiyo, mama.

Sisemi turudi kwenye mafaili. Mfumo ukiwa mzima, majibu ya maabara yanamfikia daktari bila wewe kukimbia na karatasi. Ninachokataa ni mtoto kusubiri printa. Kipimajoto hakitumii Windows! Mtoto ana degedege, anapumua kwa shida, hanyonyi, anatapika kila kitu au amelegea? Usikae benchi. Pita mbele, sema kwa sauti. Tutaandika kwenye daftari, kompyuta itajazwa baadaye.

Na wanaobadilisha mifumo wajaribu kwanza kompyuta moja na printa yake, siku isiyo na watu. Siyo Jumatatu asubuhi.

Wewe kazi yako ni kadi ya kliniki. Ukipita Soko la Majengo kabla ya kuja, iwe kwenye pochi, siyo chini ya nyanya. Mfumo ukigoma bila kadi, tunabaki kukuuliza kama mtoto alichomwa surua ya miezi 9 au bado, nawe unahesabu kwa vidole. Ipige na picha, mtumie baba yake.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.