Maji ya Delta na Dawa ya Jua

Mwananchi wa Mtunda, kama mwenzake wa visiwani, hupokea maji ya Rufiji yaliyokwisha kupita kwa wengine. Mto huo hukusanya maji ya bonde lenye takriban kilometa za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Uchafu umwagwao juu, na viuagugu vya mashamba ya mpunga, safari yake huishia penye mikoko, mazalio ya kamba ambao ndio riziki ya wavuvi wetu.

Siku hizi inasifiwa dawa mpya. Mwaka 1972 wanasayansi wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi oksidi ya titani inavyoweza kuyapasua maji kwa nguvu ya mwanga. Tangu hapo imethibitika kuwa unga huo, ukipigwa na mionzi ya urujuanimno, huunguza mabaki ya rangi, mafuta na viuadudu katika maji taka. Kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno na zikiachwa huru huondoka na maji zikawa uchafu mwingine, wataalamu huzigandisha juu ya kioo, mchanga au vigae.

Ni jambo la kutia moyo kwa nchi isiyopungukiwa na jua. Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Mionzi hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua, na maji yenye matope, kama yale ya Rufiji wakati wa masika, huizuia isipenye. Tena, kazi ikikatizwa kabla ya kukamilika, sumu moja yaweza kuzaa nyingine. Kwa hiyo mahali pa dawa hii ni mwisho wa bomba la kiwanda, baada ya maji kuchujwa. Mtu asidanganyike kwamba itausafisha mto mzima.

Ndiyo maana tunawaomba viongozi wa Wilaya ya Kibiti na wa bonde zima wasiufanye mtambo wowote kuwa kisingizio. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo itekelezwe: amwagaye maji machafu ayasafishe kwa gharama yake, bwana shamba amfundishe mkulima kipimo cha dawa, na maji ya vijiji yapimwe, kisha majibu yasomwe hadharani mbele ya mkutano wa kijiji.

Wananchi nao wamfichue avuaye kwa sumu, hata akiwa ndugu. Anayekaa mwisho wa mto hana wa kumsukumia uchafu ila bahari, na bahari ndiyo inayomlisha.