Nokia iling'olewa na laini ya pili. Tecno je?

Panda matatu ya Kayole au Umoja uangalie simu zilizo mikononi mwa abiria. Tecno, Infinix, itel. Majina matatu, kampuni moja: Transsion ya Shenzhen, Uchina. Marafiki zangu wanasema kampuni hiyo haing'oki. Hata Nokia tuliambiwa haing'oki.

Tukumbushane kidogo. Nokia 1100 ilikuwa na tochi, ilivumilia vumbi, na kila fundi wa mtaani aliijua. Transsion, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, haikutuletea Nokia iliyo bora kuliko Nokia. Iliona shida ndogo tu. Kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu alikuwa na laini ya Safaricom na ya Zain (leo Airtel), akizichomoa na kuzirudisha mchana kutwa. Tecno ikampa nafasi mbili ndani ya simu moja. Nokia ilikuja na zake karibu 2010 na 2011, imechelewa. Ni kweli kwamba duniani iPhone na Android ndizo zilizoimaliza, hadi biashara yake ya simu ikaenda kwa Microsoft mwaka wa 2014. Lakini huku Eastlands pengo lilifunguliwa na laini ya pili.

Basi shida ndogo ya leo ni ipi? Kwa maoni yangu si kamera. Ni pesa taslimu. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: unalipa kidogo kidogo kila siku. M-KOPA nao wanauza simu kwa mkopo. Mwaka wa 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River. Mnunuzi wa mkopo hachagui jina la simu; anachukua ile ambayo mkopeshaji anayo.

Kwa hiyo ndiyo, Tecno inaweza kupitwa, na atakayeipita huenda akawa mwenye mkopo.

Hapo ndipo mimi kama mwandishi wa programu napata wasiwasi. Usipolipa, programu huifunga simu. Kwa mtu wa bodaboda simu ndiyo duka lake: ikifungwa, atapata wapi hela ya kulipa deni? Kuandika programu ya kufunga si kazi ngumu. Mpinzani atakayekopesha bila kumfungia mteja riziki yake, huyo ndiye aliyeiona laini ya pili.

Wewe waonaje?